Mtoto Akikosekana, Baba Naye Apimwe: Kutu na Kufuli Katika Mbegu za Kiume

Katika kazi ya kutembelea familia kuna jambo moja tunakutana nalo karibu kila kijiji. Nyumba ikikaa miaka miwili au mitatu bila mtoto, mama ndiye anayeanza kuzunguka. Ataenda dispensari, ataenda hospitali ya misheni, ataenda kwa mkunga wa kienyeji akandwe tumbo, atanyweshwa mizizi. Wakwe wataanza maneno. Mwishowe utasikia bwana ameoa mke mwingine, au mama amerudishwa kwao na sanduku lake. Na wakati huo wote yule bwana hajapimwa hata siku moja! Ukimuuliza sababu, atakuambia, "Mimi ni mwanaume kamili, sina shida." Anamaanisha kwamba ana nguvu za kitandani. Lakini nguvu za kitandani na uzima wa mbegu ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu anaweza kuwa na nguvu kama fahali, na mbegu zake zikawa hazifiki popote.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na shida ya kukosa kuzaa wakati fulani wa maisha yake. Na madaktari wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya nyumba zenye shida hii, upande wa mwanaume unahusika, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Kwa hivyo ukimpima mama peke yake ni kama kutafuta mbuzi aliyepotea ng'ambo moja tu ya mto.

Siku hizi kumeingia jambo lingine. Kwa kemisti, sokoni kwenye magari ya matangazo, na hata kwa simu, watu wanauziwa vidonge na unga wa "antioksidanti", ati wa kuongeza mbegu. Bei yake si mchezo. Kuna wanaouza kuku na mbuzi ili wamalize "dozi", na bado hawajakanyaga maabara. Ndiyo maana nimeona tueleze jambo hili kutoka mwanzo: antioksidanti ni kitu gani, zinafanya kazi gani mwilini, na ni wapi maneno ya muuzaji yanapopita ukweli.

KIWANDA CHA MIEZI MITATU

Mbegu ya kiume ni chembe hai ndogo sana, yenye kichwa, shingo na mkia. Kichwa kimebeba urithi wa baba. Shingoni kuna mitambo ya kutoa nguvu, na mkia ni wa kuogelea. Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani kwa siku 74 hivi. Halafu hupita katika mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, na huko hukomaa kwa wiki moja au mbili. Ukijumlisha ni kama miezi mitatu. Tafadhali uiweke hesabu hii akilini, tutaihitaji.

Kiwanda hiki hakipendi joto. Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu zinataka kuwa baridi kuliko mwili kwa digrii 2 hadi 4. Mtu akishikwa na homa kali, mbegu zake zinaweza kupungua kwa wiki kadhaa baada ya yeye kupona na kurudi shambani. Kwa hivyo aliyetoka kuugua malaria asikimbilie kupimwa wiki inayofuata. Na kijana aliyeshikwa na matumbwitumbwi baada ya kubalehe, korodani zikavimba, amweleze daktari hata kama ni jambo la miaka mingi iliyopita.

KUTU

Kata avokado uiache mezani. Baada ya muda mfupi imeanza kuwa nyeusi. Oksijeni ya hewani imeila. Lakini ukiipaka maji ya ndimu, inakaa na rangi yake kwa muda mrefu zaidi. Mafuta ya kupikia yakikaa wazi siku nyingi yananuka, na msumari ukikaa nje unashika kutu. Yote haya ni kazi ya oksijeni.

Ndani ya mwili ni vivyo hivyo. Tunatumia oksijeni kupata nguvu kutoka kwa chakula, na kama vile jiko la kuni halikosi moshi, kazi hiyo haikosi kutoa mabaki. Mabaki hayo ni oksijeni iliyogeuka kuwa kali, inayouma chochote inachokutana nacho. Mwili una walinzi wa kuizima, na walinzi hao ndio wanaoitwa antioksidanti. Wengine mwili unajitengenezea wenyewe. Wengine tunakula, kama vitamini C na vitamini E. Madini kama seleniamu na zinki husaidia walinzi wa mwili kufanya kazi.

Sasa, kwa nini mbegu za kiume zinaumizwa na kutu hii kuliko chembe nyingine? Ngozi ya mbegu imejaa mafuta laini sana. Bila ulaini huo mkia hauwezi kupiga, lakini mafuta ya namna hiyo ndiyo yanayoharibiwa na oksijeni upesi. Tena mbegu, ili iwe nyepesi ya kuogelea, imetupa karibu mizigo yake yote njiani, na walinzi wengi wametupwa pamoja na mizigo. Haina fundi wa kuirekebisha ikiumia. Inategemea majimaji ya manii inamoogelea, na ndiyo sababu majimaji hayo yana vitamini C nyingi kuliko damu, mara kadhaa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1943 mtaalamu wa Marekani, John MacLeod, aliona kwamba mbegu za binadamu zikiwekwa mahali penye oksijeni nyingi zinalegea na kuacha kuogelea. Alipoongeza kimeng'enya kinachoitwa katalasi, ambacho huvunja ile oksijeni kali, zilidumu zaidi. Na vitamini E yenyewe iligunduliwa mwaka 1922 huko Kalifornia kwa sababu ya uzazi: panya waliolishwa chakula kisicho na vitamini hiyo walishika mimba lakini hazikufika. Panya dume nao, wakiikosa kwa muda, korodani zao huharibika.

Kutu ikizidi, kwanza mkia unalegea. Halafu inaingia kichwani na kukatakata urithi wa baba. Hapo kuna jambo ambalo akina mama wengi hawajawahi kuambiwa. Mbegu yenye urithi uliokatika inaweza kufika kwenye yai na mimba ikaanza, halafu ikaharibika. Mama anaitwa mwenye tumbo baya, na huenda chanzo kimoja kilikuwa kwa baba. Mwaka 1991 wataalamu wa Kalifornia walichapisha jaribio dogo la wanaume waliopunguziwa vitamini C katika chakula, kutoka miligramu 250 kwa siku hadi 5. Vitamini hiyo katika manii ilishuka kwa nusu, na alama za kutu kwenye urithi ndani ya mbegu zikaongezeka karibu maradufu. Miligramu 250 ni kiasi cha mapera mawili au machungwa manne hivi. Si dawa ya kununua Nairobi.

NANI ANALETA KUTU?

Wa kwanza ni sigara. Moshi wake unabeba oksijeni kali na madini yenye sumu kama kadimiamu mpaka ndani ya damu.

Wa pili ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa vizuri, hasa kisonono na klamidia. Wadudu wakiingia katika njia ya mbegu, mwili unatuma chembe nyeupe za damu kupigana nao, na silaha ya chembe hizo ni ile ile oksijeni kali. Vita vinapiganiwa juu ya mbegu, na mbegu zinaumia. Tena kisonono kinaweza kuacha kovu linaloziba njia kabisa. Wanaume wetu wana tabia ya kununua vidonge viwili kwa kemisti, usaha ukikoma wanaona wamepona, na mke hajaambiwa kitu. Huu ni ukatili, niseme wazi. Mke naye aweza kuzibika mirija bila kuona dalili yoyote, halafu ndiye anayefukuzwa.

Wa tatu anajulikana na wachache. Ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, ambayo ukiigusa mtu akiwa amesimama ni kama mfuko wenye nyungunyungu. Wanaume kama 15 kati ya 100 wanayo, na wengi wao wanazaa bila shida. Lakini kati ya wanaume wanaohangaika kupata mtoto wa kwanza, zaidi ya theluthi moja huonekana nayo. Damu inayotuama hapo huongeza joto na kutu. Daktari huitambua kwa mkono, na inaweza kufanyiwa upasuaji. Hakuna unga wa sokoni utakaonyoosha mishipa hiyo.

KUFULI NA FUNGUO

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao wauzaji hawautaji, kwa sababu hauwasaidii kuuza.

Chembe za mwili hazifanyi kazi ovyo. Zinangoja ujumbe. Juu ya ngozi ya chembe, au ndani yake, kuna vipokezi, na kipokezi ni kama kufuli. Homoni inayopita katika damu ni ufunguo. Ufunguo ukiingia katika kufuli yake, chembe inaanza kazi. Ukikosa kufuli yake, unapita tu.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Kwa mwanaume, tezi hiyo hutuma funguo mbili mpaka korodani. Mmoja hufungua kufuli za chembe zinazotengeneza testosteroni, ile homoni ya kiume. Mwingine hufungua kufuli za chembe walezi, zile zinazolisha mbegu changa zikikua. Testosteroni nayo ni ufunguo wa kufuli iliyo ndani ya walezi hao hao. Kufuli moja ikikwama, mbegu zinapungua au zinakosekana.

Ubongo huangalia ni testosteroni kiasi gani iko katika damu. Ikiwa nyingi, unaacha kutuma funguo. Hapa ndipo vijana wengi wanapoanguka, hasa wanaonyanyua vyuma na wanaodungwa sindano za "kuongeza uanaume". Testosteroni ya sindano inajaa katika damu, ubongo unasema kazi imetosha, na korodani zinafunga kiwanda. Misuli inafura na mbegu zinaisha! Shirika la Afya Duniani lilichapisha jaribio la jambo hili mwaka 1990, tena likitafuta njia ya kuzuia mimba. Wanaume 271 wenye afya katika nchi saba walidungwa testosteroni kila wiki. Wanaume 157 kati yao walifika hali ya kukosa mbegu hata moja. Baada ya kuacha sindano mbegu zilirudi, lakini kwa miezi. Kwa hivyo mtu anayetafuta mtoto, akidungwa testosteroni bila daktari kujua shabaha yake, amelipa hela apate kinyume cha alichotaka.

Vyakula vingine navyo vina funguo. Vitamini A, mwili ukishaigeuza, huingia katika kufuli zilizo ndani kabisa ya chembe, na bila huo ufunguo mbegu changa haziendelei. Ilionekana kwa panya waliokosa vitamini hiyo mwaka 1925. Mwaka 1993 panya dume waliozaliwa bila mojawapo ya kufuli hizo walikuwa wagumba, ingawa walikula vizuri. Chakula kinahitajika na kufuli inahitajika.

Na kuna funguo bandia. Bangi ina ufunguo unaoingia katika kufuli za ubongo, na wataalamu wamezikuta kufuli kama hizo hata kwenye mbegu za kiume. Huko Denmaki, katika utafiti wa vijana 1,215 uliochapishwa mwaka 2015, waliovuta bangi zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 28 kuliko wasiovuta. Mabaki ya dawa ya DDT nayo, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1995, hukaa ndani ya kufuli ya testosteroni bila kuifungua, kama kijiti kilichovunjikia humo. Ufunguo halali ukija unakuta pamejaa.

Dawa za shamba haziharibu kwa njia hiyo moja tu. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha dawa huko Kalifornia waligundua wenyewe, katika mazungumzo yao, kwamba wenzao wengi walikuwa hawapati watoto. Walipopimwa, wengi walikuwa na mbegu chache au hawana kabisa. Walikuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongo. Dawa hiyo hiyo iliacha maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi huko Kosta Rika bila uwezo wa kuzaa. Haikuwa ya kufuli, ilikuwa sumu moja kwa moja kwenye kiwanda. Ewe unayenyunyizia nyanya na kahawa ukiwa na shati moja na miguu mitupu, unayechanganya dawa kwa mkono, soma karatasi ya chupa. Vaa glovu na buti, uoge na ubadilishe nguo kabla ya kukaa mezani.

Kufuli ya mwisho iko kwenye yai. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walitambua kitu kilicho kichwani mwa mbegu, wakakiita Izumo, jina la hekalu lao la mambo ya ndoa. Mwaka 2014 wenzao wa Uingereza wakapata kufuli yake juu ya yai, wakaiita Juno, mungu wa ndoa wa Warumi wa kale. (Wasomi nao wana mambo yao katika kuchagua majina.) Izumo isiposhikana na Juno, mbegu na yai haviungani. Na hapa kutu na kufuli vinakutana, kwa sababu mbegu ambayo ngozi yake imekakamaa kwa kutu haiwezi kujitayarisha vizuri kwa kazi hiyo, hata ikifika mlangoni.

JE, VIDONGE?

Mtu atasema, basi kama kutu ndiyo adui, tumeze antioksidanti kwa wingi. Lakini mwili si msumari. Mbegu inapokaribia yai huhitaji kiasi kidogo cha ile oksijeni kali ili iamke na kujiandaa. Ukizima moto wote, chakula hakiivi.

Vidonge vimejaribiwa. Mwaka 2020 matokeo ya majaribio mawili makubwa ya Marekani yalichapishwa. Katika moja kulikuwa na familia 2,370. Nusu ya wanaume walimeza zinki na asidi ya foliki kila siku kwa miezi sita, nusu wakapewa vidonge vitupu. Waliomeza dawa, 34 kati ya kila 100 walipata mtoto. Waliomeza vidonge vitupu, 35. Waliomeza dawa waliumwa na tumbo zaidi. Jaribio la pili lilichanganya vitamini C, vitamini E, seleniamu, zinki na vingine kwa wanaume 171 waliokuwa na shida ya mbegu. Baada ya miezi mitatu, mbegu zao hazikuwa bora kuliko za wale waliopewa vidonge vitupu.

Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha faida kidogo, na daktari akikuandikia vidonge hivyo baada ya kukupima sina ubishi naye. Ninabishana na anayekuuzia kabla ya kujua ugonjwa wako. Pesa hizo zinatosha kulipa vipimo, na pengine nauli ya mke na mume kwenda pamoja.

Chakula ni jambo lingine. Kula sukuma wiki, terere na managu, zisipikwe mpaka zikaisha rangi, kwa sababu vitamini C hupotea katika moto mrefu. Kula mapera, maembe, machungwa, papai, karoti, njugu karanga, maharagwe, mayai na omena. Seleniamu iliyomo katika samaki na mayai hutumika kujenga ile shingo ya mbegu yenyewe. Lakini sahani ya omena haifungui mrija uliozibwa na kisonono. Baba apimwe.

KUPIMWA KUKOJE?

Ikiwa mmekaa mwaka mzima mkikutana kama kawaida bila kuzuia mimba, ni wakati wa kwenda, wote wawili. Mama akiwa amepita miaka 35 wengi hushauri msingoje zaidi ya miezi sita. Mume hukaa siku mbili hadi saba bila tendo la ndoa kabla ya kupimwa. Manii yafike maabara kabla ya saa moja kwisha, chupa ikiwa imewekwa karibu na mwili isipate baridi.

Baadhi ya wasomaji Wakatoliki hukwama hapo kwa sababu ya dhamiri. Kanisa halikatazi kupimwa. Linalokataa ni kujichua. Kuna mfuko maalumu wenye tundu dogo, unaotumiwa katika tendo la ndoa lenyewe, na wataalamu wa maadili wa Kanisa wameukubali. Kondomu za kawaida hazifai, maana nyingi zinadhuru mbegu. Mweleze daktari au Sista wa hospitali bila aibu, hamtakuwa wa kwanza kuuliza.

Mtu wa maabara atahesabu. Kipimo cha chini cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 katika mililita moja, milioni 39 kwa jumla, na angalau 42 kati ya kila 100 ziwe zinacheza. Aliye chini ya hapo si lazima awe mgumba. Wapo wanaozaa na milioni 10. Ikionekana hakuna mbegu hata moja, daktari atatafuta kama kiwanda kimesimama au ni njia iliyozibwa, kwa kupima homoni na kukagua korodani. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, kirudiwe.

Na ile hesabu ya miezi mitatu sasa tuitumie. Baba aliyeacha sigara au bangi mwezi wa Januari asiende kupimwa Februari akakata tamaa. Mbegu za Februari zilianza kutengenezwa Novemba, wakati bado anavuta. Aende mwisho wa Aprili.